Paa la Gari la Harusi

Mtu anayetengeneza gari lisilo na paa hapa Tukuyu ana moyo mkubwa au ana kichaa kidogo. Mimi watu walinipa vyote viwili. Kwetu mvua haiulizi msimu. Unaweza kuanika shati asubuhi na ukaliokota jioni likiwa zito kuliko ulivyolianika.

Gari lenyewe nilipewa na mzee mmoja wa Kinyala, dereva wa zamani wa shamba la chai. Mzungu wake alipoondoka alimwachia: gari dogo la milango miwili, paa lake la kitambaa, unalifunua na kulifunika. Kitambaa kilishaliwa na panya, zikabaki fremu za chuma zimesimama kama mbavu za ng'ombe.

"Lichukue," mzee aliniambia. "Hata kuku wangu wamechoka kulala humo."

Tulilikokota kwa trekta mpaka nyumbani, mimi nikiwa kwenye usukani, nawapungia watu mkono kana kwamba ndimi ninayeendesha.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Vitu tulivyozoea kuvisikia tu sasa vilitandazwa chini barabarani. Ukienda Mbeya na subira yako, ulirudi na plagi, na ringi za pistoni, na kopo la rangi. Darasa la saba halikunifundisha injini, lakini nilikuwa nimeshika spana kwenye gereji ya barabarani muda wa kutosha kujua kwamba kitu kilichofunguliwa na mtu hufungika na mtu. Nilisafisha kabureta, nikasugua kutu kwa msasa mpaka alama za vidole zikaanza kufutika. Siku injini ilipowaka, bomba la moshi lilitema manyoya ya kuku. Nilipiga kelele, jirani akaja mbio na ndoo ya maji.

Baba hakupiga kelele. Gari lilikuwa mbele ya mlango wake, mahali pa kuanikia maharage, na alishachoka kulizunguka. Dada yangu alikuwa karibu kuolewa, nami nilishamwahidi mbele ya watu kwamba atakwenda kanisani kwa gari langu. Baba akaniita.

"Linawaka, nimesikia. Paa liko wapi?"

"Linakuja, baba."

"Linakuja linatoka wapi? Sikiliza. Mwanangu haingii kanisani ameloa. Lifunike kabla ya harusi. Ukishindwa, Jumatatu yake mnunuzi wa vyuma chakavu analeta lori."

"Lakini baba, gari hili..."

"Nimeshazungumza naye."

Basi. Turubai nililipata, la lori la zamani, bado imara. Fundi pia nilikuwa naye: shemeji yangu, mke wa kaka. Kaka alikuwa kazini Mbeya, na shemeji alikaa ng'ambo ya migomba yetu na cherehani yake, anashona kuanzia sare za shule mpaka magodoro.

Taabu ilikuwa moja. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Mwanamke akisikia baba mkwe anakuja anaacha njia, anageuka, anajifunika kanga. Baba naye hukohoa kabla ya kukata kona, ampe mkwe nafasi ya kujificha. Wengine walishaanza kulegeza, lakini hawa wawili waliishika mila, na kila mmoja alimsifu mwenzake kwa hilo. Sasa gari liko mlangoni kwa baba, na njia ya kwenda kwa shemeji ni kichochoro cha migomba ambacho hata baiskeli unaibeba.

"Nipimie wewe, shem," akasema. "Lete vipimo, mimi nikate."

Sikuwa na futi ya fundi. Nikachuna kamba ya mgomba, nikanyoosha kwenye fremu, nikafunga fundo kila penye kona, nikampelekea. Yeye akaitundika jikoni juu ya moto mpaka atakapopata nafasi. Alipokata na kushona, akanipa turubai limekunjwa vizuri kama shuka la mgeni. Nikaenda nalo naimba. Nilipolitandika, mbele lilifika. Nyuma lilipungua kiganja kizima.

Nikarudi nalo.

"Shem, ulipima gari au ulipima mbuzi?"

"Gari! Kamba si hiyo hapo?"

Akaitungua. Ilikuwa imekauka, imejikunja kama mkia wa nguruwe.

"Kamba mbichi! Mzaliwa wa Tukuyu, hujui kamba mbichi ikikauka inanywea?"

"Na wewe mzaliwa wa wapi, unaitundika juu ya moto?"

Tulicheka mpaka tukakumbuka Jumatatu. Turubai lililobaki lilikuwa vipande, na vipande haviungwi kwa kukisia. Lazima vivutwe kwenye fremu yenyewe, vishonwe kwa mkono palepale.

Siku mbili kabla ya harusi, mama na dada wakiwa Lupepo kwa shangazi, baba alipeleka majani ya chai kituoni, mahali anapokawia mpaka jioni. Shemeji akaja mbio na sindano ya magunia, na uzi alioupitisha kwenye nta ya nyuki ili maji yasifuate tundu la sindano. Akaingia ndani ya gari, akawa anashona kutokea chini, mimi navuta kutoka nje. Mvua ikaanza. Juu ya turubai ilipiga ngoma, na sisi tukafurahi, maana tungeona panapovuja.

Baba alikohoa kwenye kona kama kawaida yake. Mimi nilisikia. Shemeji, na ngoma ile juu ya kichwa, hakusikia kitu. Nilipogonga mlango wa gari kumshtua, baba alishaingia uani, analowa, anatazama. Mkono wa shemeji ulikuwa umeonekana dirishani. Ukarudi ndani kama kichwa cha kobe.

Nilidhani baba atageuka aondoke. Alisimama, mgongo kauelekezea dirisha.

"Gari," akasema.

Nikamkodolea macho. Hajawahi kulisemesha.

"Gari, nimerudi mapema. Lori la majani halikuja." Akapangusa maji usoni. "Naona umepata nguo. Mgongoni maji yanateremka vizuri. Ila hapa."

Akapeleka mkono nyuma bila kutazama dirishani, akaweka kidole kwenye kona iliyo nyuma ya dereva. "Hapa yanakusanyika. Hapa yataingia."

Mvua ikapiga. Halafu, karibu kabisa na kidole chake, ncha ya sindano ikachomoza kutoka ndani. Ikazama. Ikachomoza tena mbele kidogo.

Baba akaondoa kidole. "Ndaga," akashukuru kwa Kinyakyusa, sauti ya chini. "Gari, mimi naenda kuota moto kwa jirani."

Akaondoka mvuani, anakohoa hatua kwa hatua, ili anayesikiliza ajue amefika wapi.

Shemeji akatoa kichwa. "Shem, nimekufa."

"Hujafa. Umesifiwa."

"Limesifiwa gari," akasema, lakini aliishona kona ile mara mbili.

Siku ya harusi ilinyesha kama tulivyotegemea. Baba alitangulia kanisani kwa miguu na mwavuli wake, ili shemeji apate kukaa ndani na bibi harusi. Dada alishuka na gauni kavu mpaka pindo. Tone moja lilipenya juu ya kioo cha mbele, likanidondokea gotini. Sikumwambia mtu.

Jumatatu lori la chuma chakavu lilikuja. Baba alikuwa ameliegemea gari langu.

"Mzee, lile gari bovu liko wapi?" mnunuzi akauliza.

"Gari bovu? Labda kwa jirani."

Mchana ule akafungua mlango, akakaa nyuma, kwenye ile kona. "Twende Isongole," akasema. Tukaenda kwenye mvua. Njia nzima alitazama juu, anapitisha kidole kwenye mshono. Isongole hakuwa na shughuli yoyote.

"Geuza," akasema. "Na umwambie shemeji yako nimekaa pakavu."

Tulipokaribia kona ya migomba, baba akakohoa, vioo vyote vimefungwa. Akagundua hasikiki nje, akanitazama kwenye kioo. Nikampigia honi. Kule kwenye migomba, kanga ya shemeji ikageuka upande wa pili.