Aliyeitika Kabla Yangu

Kisa hiki kilinipata mimi mwenyewe, na nimekwishachoka kuapa. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana nikifika mbele hatacheka.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Kampuni moja ya mabasi ya mjini Arusha ilikuwa inapanua safari zake, na kama ilivyo kawaida ya matajiri, basi lililochoka kuzunguka mjini ndilo walilotuletea Karatu, eti lipande Ngorongoro hadi Loliondo. Hata kibao cha njia ya mjini hawakujisumbua kukiondoa. Mume wangu, Paskali, ndiye aliyekuwa kondakta. Ndoa yetu ilikuwa changa, na siku hiyo alikuwa ananichukua kutoka kwetu Endamarariek kunipeleka Loliondo, basi linakolala, ambako alikuwa amepanga chumba.

Sasa, basi lile halikuuweza mlima likiwa na watu. Mkivuka geti la Ngorongoro mnashuka wote, basi linapanda tupu, nanyi mnalifuata kwa miguu hadi juu kwenye ukingo wa kreta. Huko ukungu ukishuka, hata mchana humwoni aliye mbele yako. Ndiyo maana makondakta wa kampuni ile walikuwa na sharti: mlimani abiria anaitwa kwa aendako, kamwe si kwa jina. Paskali alinieleza asubuhi ile kabla hatujaondoka.

"Kule juu kuna wanaosikiliza," alisema. "Na wewe ukisikia unaitwa kutoka kwenye ukungu, usigeuke."

Nilimcheka. Nilikuwa na furaha, ningejali nini?

Tukapanda. Viatu vyangu vipya vya harusi vilinichubua visigino, nikakaa kando ya barabara kuvivua. Nilipoinuka, wenzangu walikuwa wamemezwa na ukungu. Nikamsikia Paskali kule juu karibu na basi akiita, "Wa Endulen! Wa Loliondo! Pandeni!" Nikaharakisha, viatu mkononi. Akaita tena, kisha akaona mimi simo. Hebu niambie, mwanamume aliyeoa juzi, mkewe yuko peke yake kwenye msitu wa nyati na chui, atakumbuka sharti? Aliita jina langu. Jina lenyewe silitaji hapa, utanisamehe.

"Abee!" nikaitika.

Lakini kuna mwingine aliyeitika kabla yangu, kule juu, kwa sauti yangu.

Niamini, sauti yako unaijua. Nikakimbia. Ukungu ukapungua kidogo, nikaona mlango wa basi, na Paskali amemshika mwanamke mkono anampandisha. Kanga ni yangu, kitambaa cha kichwa ni changu, na viatu kavishika mkononi. Yule mwanamke akageuka, akanitazama. Uso ulikuwa wangu, umetulia kama wa mtu aliyefika kwake. Sijawahi kuogopa kama siku ile.

Nikapiga kelele, "Paskali! Mimi niko huku!"

Alisikia, nilimwona akishtuka. Lakini sauti ilikuwa inatoka kwenye ukungu, na yeye alijua mkewe yumo ndani. Hakugeuka. Akagonga bodi kwa nguvu, basi likaondoka.

Lori la wajenzi wa barabara lilinirudisha Karatu. Baadaye kaka yangu akanichukua, tukadandia gari la mfanyabiashara mmoja hadi Loliondo. Kaka alikuwa na hasira na fimbo. Paskali aliponiona alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Ondoka," aliniambia. "Mke wangu nilimpandisha kwa mkono huu."

Yule mwanamke akatoka jikoni anajifuta mikono. Akamsalimu kaka kwa jina la utani ambalo tulilitumia sisi wawili tu utotoni, akamuuliza kama mguu wa mama bado unauma. Kaka akaishusha fimbo.

Wakati wa kurudi kaka alikaa mbali nami. Hadi leo chakula nilichopika hakigusi. Paskali na mwanamke yule wana watoto wakubwa sasa. Ndugu zetu huenda kuwatembelea, wakirudi huleta zawadi za mama kutoka kwa binti yake. Mama huzipokea, na mimi hulia peke yangu.

Kwa hiyo ukipita kule kukiwa na ukungu, usimwite mtu wako kwa jina, hasa yule unayeogopa kumpoteza. Nyamaza umfuate, umshike kwa mkono wako.

Na tafadhali, usinitazame hivyo. Kaka naye alianza kwa kunitazama hivyo hivyo.