Kamera ya Begani

Jumamosi nilitumwa Katwe, kwa mafundi wa bati, kuchukua sufuria yetu iliyokuwa ikizibwa tundu. Pembeni ya fundi, juu ya gunia, nikaiona kamera kubwa nyeusi ya kubeba begani, sawa kabisa na ile yetu, imeng'olewa jicho na nyaya ziko nje kama matumbo. Fundi akaniuliza kama naitaka. Wewe unanijua, mimi hata kuomba chumvi mezani kwa watu ni kazi. Lakini nilimjibu kwa sauti, "Sitaki hata bure!" nikaondoka, nusura nisahau sufuria.

Acha nikuambie kwa nini naidharau hivyo.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa kambi ya polisi Nsambya, hapa Kampala, kwenye kile kibanda cha bati cha mviringo ambacho wenyewe tunakiita mama ingia pole, kwa sababu mlango ni mfupi na usipoinama unaacha ngozi ya kichwa hapo. Mwaka huo bibi, mama yake baba, aliletwa kutoka kaskazini kutibiwa macho, akakaa nasi miezi miwili. Asubuhi kibanda kilinuka ufuta aliokaanga, na mchana malakwang, ile mboga chachu iliyolainishwa kwa siagi ya ufuta, hadi askari waliotoka zamu wakawa wanapita kwetu "kusalimia" tu.

Lakini raha ya bibi ilikuwa mdomo wake. Alitukana kuku. Sikutanii. Alikaa nje na ungo wake akiwasema kuku wa kambi nzima, mmoja mmoja, kwa lugha yetu, kwa sauti nene yenye mikwaruzo. Jogoo wa mkubwa wa kambi aliambiwa, "Umevaa kofia nyekundu na kazi huna." Kuku mmoja mwembamba aliulizwa kama mumewe anajua anakozurura. Kisha anacheka mwenyewe, cheko linaloanzia tumboni, na mimi, mtoto wa kujificha nyuma ya mlango, nacheka hadi kwikwi.

Kwa hiyo baba aliposema atanunua kamera ya video ya bei nafuu, ya mambo ya nyumbani na ya safari ya Entebbe aliyotuahidi Krismasi, mimi nilitaka kitu kimoja tu: bibi na kuku wake, kabla hajarudi kwao. Entebbe ingejipanga yenyewe.

Bahati mbaya tulikwenda na mjomba. Mjomba, kaka yake mama, aliwahi kushika taa kwa mpiga video mmoja, harusi mbili au tatu, na tangu hapo akawa profesa wa kamera. Muuzaji alikuwa Mkenya mpole, duka lake la vitu vilivyotumika limejaa redio hadi mlangoni. Alichukua kamera ndogo, akanielekezea, akasema, "Sema kitu, kamami kadogo." Nikataja jina langu. Akairudisha nyuma, nikajiona, nikajisikia, kasauti kama ka mbu. Nilishtuka kwa furaha. Sauti inaingia!

"Afande, sikiza mimi," akamwambia baba. "Chukua hii ndogo. Betri iko sawa, unafuata mtoto popote. Ile kubwa, sikufichi, betri ilikufa. Inafanya tu waya ikiwa kwa ukuta."

Mjomba akacheka kwa pua. "Shemeji, kweli utasimama mbele ya watu na kitu kama kipande cha sabuni? Watajua aje kama unapiga video? Hii ndiyo kamera!" Akaibeba ile kubwa begani, akajitazama kwenye kioo cha kabati.

Bei za kamera hizo mbili zilikaribiana. Na baba yangu, mtu anayekimbiza wezi wenye bunduki bila kutetemeka, alimtazama kaka wa mkewe, akaanza kuhesabu pesa za ile kubwa. Kwetu kaka wa mke habishiwi mbele ya watu. Nikamvuta baba shati. "Nini?" akauliza. Wote watatu wakanigeukia. Nikasema, "Hakuna."

Siku moja kabla bibi hajaondoka, ndipo tukapiga. Waya wa umeme uliishia mlangoni, hivyo bibi hakuweza kufuatwa kwenye kuku. Aliletwa yeye kwenye waya. Mjomba akatandika kitambaa cha kochi ukutani, akamkalisha kwenye kiti mbele yake, mikono magotini, kama picha ya kitambulisho. Bibi akauliza, "Mnanipiga ya kuweka juu ya jeneza?" Tukacheka, lakini kamera ilikuwa bado haijawashwa.

Ilipowashwa, mjomba akaamuru, "Mama, usitikisike! Usiongee, utaharibu! Sauti tutaweka muziki baadaye, kama za harusi."

Maana ndivyo video za harusi zilivyokuwa mjini: watu wanafungua midomo, unasikia kinanda tu. Nilijua sauti inaingia. Nilijisikia kwa masikio yangu dukani. Nilisimama hatua mbili kutoka kwa bibi, maneno yamenijaa mdomoni kama ugali wa moto, na sikuyatoa. Kuku mmoja akapita miguuni pake. Bibi akavuta pumzi, midomo ikafunguka, na mjomba akafanya "Sss!" Akaifumba.

Entebbe hatukwenda na kamera, ukuta haubebeki. Bibi alifariki kijijini mwaka uliofuata, barabara mbaya, hatukuwahi mazishi. Muziki wenyewe haujawekwa hadi leo.

Kila tunapomkumbuka, kanda hiyo inatolewa. Dakika sita. Unamsikia mjomba, unamsikia baba akikohoa, redio ya jirani, hata mlango wa choo. Mjomba hufuta machozi na kusema, "Ona picha ilivyotulia!" Mwaka huu niko senior tatu, sekondari, na bado sijamwambia kwamba siku ile nilijua sauti inaingia, na hapo sijui ninayemdharau zaidi ni yeye au mimi.

Kibaya zaidi, matusi yake ninayakumbuka yote, neno kwa neno. Ila nikijaribu kuyasema peke yangu kama alivyoyasema yeye, inatoka sauti yangu.