Ndagala za Mama

Nikimaliza kufua, vidole vyangu vinakuwa vimekunjamana na mgongo unakataa kunyooka. Nafua mashuka katika nyumba moja ya wageni karibu na ziwa, hapa Baraka, siku sita kwa juma. Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Nasema ili ieleweke jinsi kijikaratasi cha ndagala kilivyoweza kuwa kitu kikubwa maishani mwangu.

Ndagala ni samaki wadogo, hawazidi kidole. Kando ya barabara ya soko yuko mama mmoja anayewakaanga kwa mawese, kwenye karai jeusi lililobonyea upande mmoja. Anakufungia katika ukurasa wa daftari la shule, ananyunyiza chumvi na pilipili, anaongeza kipande cha muhogo wa kuchemsha. Unakula na vichwa, unakula na mikia. Chumvi inaingia kwenye mipasuko ya vidole, inauma, na bado huachi. Ukimaliza unasoma ukurasa: imla ya mtoto fulani, makosa yamepigiwa mistari myekundu. Nilimhurumia mtoto huyo, kisha nikailamba imla yake.

Shida ni kwamba mimi sikuzaliwa kwa watu wa kula samaki. Tulishuka kutoka Bibokoboko, kule juu kwa wafugaji. Kwetu, aliyekula samaki hasogezi mdomo kwenye chombo cha maziwa, maana ng'ombe watakauka viwele. Tena mtu mzima hali barabarani mbele ya macho ya watu. Mimi nilivunja yote mawili kwa mpigo mmoja, nimesimama, nimeipa barabara mgongo. Baada ya hapo nasukutua mdomo, natafuna jani la mpera, ndipo naenda nyumbani kwa mama yangu.

Mama alishuka mlimani na vitu viwili tu: Biblia na kibuyu cha maziwa. Ng'ombe wetu walichukuliwa siku ileile tuliyokimbia vita, wote, hata ndama wa juzi. Lakini kila asubuhi mama alikiosha kibuyu, akakifukiza moshi kama alivyofundishwa na mama yake, akakitundika ukutani. Hakikuwa kimeona tone la maziwa tangu tufike. Nilichoka kukitazama. Siku nyingine, Mungu anisamehe, nilichoka kumtazama na yeye.

Maana hakuwa anakula. Ugali matonge mawili, maharage anayasukuma pembeni. Nilipomletea maziwa ya unga, aliyanusa, akaniuliza ng'ombe wake anaitwa nani. Muuguzi wa kituo cha afya alimpima mkono, kisha akanitazama mimi badala yake, akasema mama huyu asipopata kitu cha kujenga mwili hamalizi mvua hizi. Nikarudi kazini na maneno hayo. Nilifua mashuka kumi na mawili siku hiyo na sikumbuki hata moja.

Jioni ile muuza ndagala alinitazama usoni.

"Dada, leo umechoka mubaya. Kuko nini ku nyumba?"

"Mama hakule."

Akafunga karatasi ya pili. Ilikuwa matabishi, ile nyongeza anayompa mteja aliyemzoea.

"Hii ni ya mama. Umupelekee, atapata nguvu."

Ningemwambia ukweli. Lakini katika mji huu watu husikiliza lafudhi yetu kabla ya kusikiliza maneno yetu, na huyu mwanamke hakuwahi kunifanyia hivyo hata siku moja. Nimwambieje kwamba chakula chake kwetu ni mwiko? Nikashukuru, nikaondoka, nikaila karatasi ya mama nyuma ya ukuta wa shule.

Kesho yake akauliza, "Mama alikula?"

"Alikula. Anashukuru."

Basi ikawa kila siku. Yeye anafunga mbili, mimi nakula mbili. Mama anakonda, mimi natoka mashavu. Niliona aibu, na sikuacha.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia mlangoni mwa kanisa. Jumapili moja tulikuwa tunatoka, mama ameniegemea begani, muuza ndagala akatuona kutoka ng'ambo ya barabara. Akaja mbio, akamshika mama mikono yote miwili.

"Mama! Mi njo ule wa ndagala, wa kila siku! Ziko tamu?"

Mama akanitazama, si kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia yule mwanamke, na kwa Kiswahili chake kidogo akasema:

"Iko tamu sana, mutoto yangu. Mungu akubariki."

Muuza ndagala akacheka kwa furaha, akaenda zake.

Tulitembea hadi nyumbani. Mama akaketi mkekani, fimbo yake ya kutembelea magotini, akavua viatu, akavipanga vizuri. Ndipo akaniambia kwa lugha yetu:

"Kwa hiyo mimi nakula samaki."

Nikapiga magoti, nikaanza kujieleza. Akanyanyua mkono.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze, mama."

"Nimesema uongo mlangoni mwa kanisa, kwa umri huu, kwa ajili yako. Kesho niletee, nisiwe mwongo."

"Na ng'ombe, mama?"

"Ng'ombe gani?"

Aliuliza polepole, bila hasira, na akanisubiri nijibu. Tangu tushuke mlimani sikuwahi kumsikia akisema neno kama hilo. Nililia mimi. Yeye alikuwa anatafuta mahali pa kuweka fimbo yake.

Kesho yake nilileta karatasi zote mbili, zikiwa bado na joto. Mama alimshika ndagala mmoja mkiani, akamgeuza, akafumba macho, akatafuna. Alimeza kwa shida. Akachukua wa pili, na wa tatu. Alimaliza karatasi nzima, na vichwa, akalamba chumvi kidoleni kama mimi ninavyolamba. Nilifurahi, na furaha yenyewe ilinichosha.

Kisha pilipili ikamkaba, akaomba maji. Nikainuka kutafuta kikombe.

"Acha kikombe," akasema, akanyoosha kidole ukutani. "Nitilie humo."

Nikakitungua kibuyu. Kilikuwa bado kinanukia moshi wa asubuhi. Nikakijaza maji ya bomba, akanywa kwa mdomo uleule uliotoka kula samaki, akanirudishia. Asubuhi iliyofuata hakukiosha.