Treni ya Rosette Haitaki Kidole

Saa mbili asubuhi, Nyalukemba, mtaa wa mji wa Bukavu. Rosette Nabintu amelaza treni chali juu ya taulo, magurudumu yakiangalia juu kama miguu ya mende aliyepinduliwa. Ni treni ya mfano, inaenea kiganjani. Fundi redio huyu wa miaka hamsini na miwili anaichungulia mota yake kwa kioo cha kukuza, halafu anacheka.

"Banasema moteur imekufa. Moteur gani? Iko muzima! Iko na njaa tu."

Bukavu haina reli. Treni hii aliiacha padri mmoja katika shule ya ufundi, walimu wakaifanya somo la umeme. Lakini ikifika kwenye viungo vya reli zake ndogo husimama, na mwalimu huisukuma. Wanafunzi wakaipa jina: Kidole.

Rosette aliacha shule mwaka wa tatu wa sekondari. Ametengeneza redio miaka kumi na tisa. Mwezi uliopita aliomba kufundisha vitendo shuleni hapo. Prefe, yaani mkuu wa shule, Raphaël Mugisho, alimdai diploma. Hana.

"Nikamuambia, Papa Prefe, diplome sina, mikono niko nayo. Akanionyesha ile treni. Akasema izunguke mara kumi bila kidole, mbele ya darasa. Ikisimama, nisirudi tena."

Darasa lenyewe ni leo, saa nne.

Mji huu kitu kikizimika, lawama huenda kwa umeme. Walimu walilaumu umeme, kisha wakapaka reli mafuta ya cherehani ili treni iteleze. Mafuta yakakamata vumbi, vumbi likawa ngozi nyeusi, na umeme haupiti ngozi. Rosette alizibeba treni na reli zake hadi mezani kwake, akasugua reli na magurudumu kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe.

Haikutosha. Magurudumu ni manane, na manne tu ndiyo yaliyookota umeme. Akakata vibati vya shaba kutoka swichi ya redio mbovu, vikalamba migongo ya yale manne mengine ili nayo yaokote. Jana vilibana mno, treni ikagoma kabisa. Guylain, fundi simu wa meza jirani, akamrushia utani wa breki: "Maman Rosette, umeitia frein!"

"Wewe chomelea chargeur zako, uniache."

Amevikwangua usiku kucha? Hapana, amelala vizuri, anasema. Amevikwangua asubuhi hii, mpaka vimekuwa vyembamba kama ganda la kitunguu.

Saa nne, darasani. Prefe anazungusha kitufe cha mwendo mpaka mwisho. Treni inakimbia. Rosette anamshika mkono.

"Hapana, Papa. Ikikimbia itaruka makosa, halafu mutasema ni bahati. Rudisha chini. Itambae."

Inatambaa. Kwenye kiungo kibaya kuliko vyote wanafunzi wananyanyuka vitini. Inapita. Mzunguko wa saba taa yake inapepesa, na mwalimu Delphin, kwa mazoea, ananyoosha kidole.

"Papa Delphin! Tia kidole mufukoni!"

Darasa linaangua kicheko. Treni inapita, mara ya nane, ya tisa, ya kumi.

Prefe anakohoa. "Alhamisi, saa mbili. Lakini ile diplome, maman..."

"Utaitafuta wewe, Papa. Mimi niko na darasa."

Njiani kurudi ameshapanga somo lake la kwanza. Atafungua treni, ang'oe vibati vyote, apake reli mafuta ya cherehani.

"Nitaiharibu vilevile nilivyoikuta," anasema. "Kisha nitabaambia banafunzi: bo benyewe baitengeneze."