Muda Umetubana

Siku ya uchaguzi niliamka nikiwa Mheshimiwa, mwakilishi wa wadi, nikalala Mama tu. Hata vijana wa bodaboda hapa Pioneer, mjini Eldoret, niliowajengea kibanda cha kujikinga mvua, wakaanza kunipita wakijifanya wanaangalia simu. Mmoja akaniuliza, "Mathe, twende?" Mathe, kama mama yeyote wa mtaani! Mimi! Nilipanda kwa sababu mvua ilikuwa inamwagika, lakini njia nzima nilisaga meno.

Hayo ningeyameza. La dada yangu ndilo lililonikwama kooni.

Dada yangu mkubwa aliuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni Huruma, meza ya kwanza ukiingia langoni. Kwa hizo omena alinisomesha mimi. Alipofariki, kabla hatujamsafirisha nyumbani magharibi, tulimfanyia ibada uwanjani karibu na soko. Sasa, huku kwetu mazishi hayakosi wanasiasa. Mwenye kipaza sauti huwaita mmoja mmoja "wasalimie watu". Ukiitwa, unajua bado uko. Usipoitwa, afadhali maiti, yeye ameimbiwa. Siku hiyo kipaza sauti alikuwa nacho mwenyekiti wa soko, mtu niliyemtoa kwenye mkokoteni mimi mwenyewe nikampigia debe mpaka akapata cheo.

Akamwita yule aliyenishinda. Huyo akasalimia, akasalimia tena, akaanza habari za taa za barabarani mbele ya jeneza la dada yangu! Alipomaliza nikainuka, maneno yangu yako tayari. Mwenyekiti akaniona. Akamtazama mheshimiwa wake, mheshimiwa akatikisa kichwa kidogo tu.

"Mama atatusamehe," mwenyekiti akasema. "Muda umetubana."

Nikaketi. Dada yangu akaenda bila neno langu hata moja.

Aliye juu mngoje chini, na mimi nilingoja. Nilifuga kuku. Jogoo mmoja mwenye maringo nilimpa jina la mwenyekiti, na Krismasi tukamla na ugali. Alikuwa mgumu, lakini nilimtafuna mpaka mifupa.

Halafu vita vikaja. Asubuhi moja tajiri mmoja akadai kiwanja cha soko ni chake, akatangaza kwamba kesho yake tingatinga litaingia kubomoa. Wenye meza wakamtafuta mheshimiwa wao. Amezima simu! Asubuhi hiyo hiyo nikasikia sauti mlangoni kwangu.

"Hodi, Mheshimiwa!"

Ni mwenyekiti, na kina mama wa soko nyuma yake, viatu vimejaa tope.

"Mheshimiwa hakai hapa," nikajibu. "Hapa ni kwa Mama."

Nikawaacha kwenye manyunyu mpaka kuku wangu wakamaliza kula. Wallahi ningewaacha mpaka jioni, ila kati yao alikuwamo binti wa dada yangu, aliyerithi ile meza. Akaniambia taratibu, "Mama mdogo, wataanza na meza ya mama. Ndiyo iko langoni."

Nikavaa gambuti. "Kipaza sauti ni changu," nikamwambia mwenyekiti.

"Ni chako, Mheshimiwa."

Mawe na rungu niliwakataza. Mimi najua kitu kimoja: Eldoret hii, hata mlevi akipita penye matanga huvua kofia. Nikamtuma wakili kortini atafute agizo la kuzuia ubomoaji, kisha nikaagiza hema, viti vya plastiki, maua, na kwaya ya kina mama wenye leso. Juu ya meza ya langoni nikaweka picha ya dada yangu. Tingatinga lilipofika kesho yake, lilitukuta tunaimba wimbo wa kuaga. Dereva akazima injini. Tajiri akampigia kelele, akapiga gari teke, wapi! "Mimi sibomoi matanga, boss," dereva akasema. "Nina mama pia." Askari walioletwa kumlinda tajiri wakavua kofia. Kufikia adhuhuri wakili wetu akaja na agizo la korti, na tingatinga likageuzwa.

Watu wakalipuka kwa vigelegele. Na hapo ndipo simu ya mheshimiwa ilipowaka! Akaingia na gari safi, suti nyeusi, na uso wa msiba aliouvaa njiani. Mwenyekiti akaninong'oneza, jasho likimtoka: "Mheshimiwa amefika. Anaomba kusalimia watu, dakika mbili tu."

Nikamwangalia yule mtu. Nikasubiri mpaka soko zima likanyamaza. Kisha nikainua kipaza sauti.

"Mheshimiwa atatusamehe," nikasema. "Muda umetubana."

Nikamgeuzia mgongo, nikaitazama picha, nikaanza: "Dada, mimi nimesoma kwa omena zako." Nikayasema yote niliyonyimwa, moja baada ya jingine, bila kuharakisha. Mheshimiwa wao alikuwa amesimama juani. Viti vilikuwa vingi, na hakuna aliyempa hata kimoja.