Siku Mashine Yangu Ilipokula Kwaya ya Bamama

Aibu ninayotaka kuwasimulia, mji wetu mzima wa Baraka wanaijua tayari, kwa hiyo heri muisikie kwangu kuliko kwa bamotari wa pikipiki, maana wao kila wakisimama kuchukua mteja wanaiongezea chumvi.

Mimi ni mtu wa vyombo vya zamani vya televisheni. Wenzangu wanafuga mbuzi, mimi nafuga kamera za bega, zile nzito kama mfuko wa mihogo, na magnetoskopi, zile mashine za kuchezea kanda za video, na televisheni zenye mgongo mrefu. Vingine nilivifuata Uvira, vingine nililetewa kwa mashua kutoka Kazimia, nikavifungua, nikavipangusa vumbi, nikavijaribu mpaka vikafufuka. (Mama anasema chumba changu kinafanana na makaburi. Simsikilizi.) Kipenzi changu kati ya vyote ni mashine ya kuchanganya picha za kamera mbili, nayo ina kifungo kimoja cha ajabu: ukikibonyeza, kila kitu cha rangi ya bluu kilicho kwenye picha ya kamera ya kwanza kinatoweka, na mahali pake inaingia picha ya kamera ya pili. Mkalishe mtu mbele ya pazia la bluu, utampeleka Paris bila pasipoti.

Sasa, kuna binti anaitwa Riziki, mchumba wangu, na kuna mama yake, kiongozi wa kwaya ya bamama kanisani kwetu, ambaye alikuwa hajakubali. "Mutoto yangu hataolewa na fundi wa takataka," alikuwa anasema, na alisema hata nikiwa nimekaa pale pale. Kwa hiyo nilipoombwa kupiga picha za ndoa ya binti wa shemasi, ndani ya salle, ukumbi wa kanisa, nilijua Mungu amenifungulia mlango. Nitawaweka maharusi katikati ya ziwa letu! Nikafunga pazia la bluu nyuma ya viti vyao, nikatandaza shuka nyeupe kubwa ukutani watu waone kila kitu kupitia projekta, na nikaandaa kanda ya mawimbi niliyoipiga mwenyewe ufukweni kule Swima.

Asubuhi ya ndoa magnetoskopi ikaitafuna ile kanda yote.

Mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikajiambia, ya nini kuhangaika na kanda, na ziwa lenyewe liko hapa nyuma ya salle? Nikasimamisha kamera ya pili kwenye miguu yake nje, nyuma ya jiko, ikielekea majini, nikapitisha waya dirishani. Nikajaribu: ziwa hilo, safi, linametameta. Taa nyekundu ya kamera ile, inayoonyesha kwamba iko kazini, ilikufa zamani, lakini taa ni ya nini? Mashine inaona.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba baba yangu mudogo Wilondja, msimamizi wa chakula, aliyetangaza kwa sauti kwamba hakuna atakayeonja nyama kabla ya wageni kutoka Nundu kufika, alitafuta mahali pa utulivu, akapaona hapo nyuma ya jiko, akaigeuza kamera kidogo ili apate nafasi ya kiti chake, akakaa mbele yake na paja la mbuzi.

Kingine nilichokuwa sikijui ni kwamba kwaya ilishona sare mpya. Wakaingia wanaimba, wakajipanga mbele ya maharusi, wote kwenye kitenge cha bluu, bluu ile ile ya pazia langu. Mwenye macho angeona. Lakini mimi nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye kifungo, nikabonyeza kwa nguvu, nikaligeukia kusanyiko, nikakunja mikono kifuani nikingoja makofi.

Sikusikia makofi. Nilisikia "Yesu wangu!" halafu viti vinaanguka.

Nikageuka. Kwenye shuka, vichwa vya bamama vilikuwa vinaelea hewani vinaimba haleluya, mikono inapiga makofi peke yake, miili hakuna, na mahali pa miili yuko baba mudogo Wilondja, mkubwa kama nyumba, anang'oa nyama kwenye mfupa. Mdomo wake ulikuwa umeangukia sawasawa kifuani pa mama Riziki.

Nikabonyeza kifungo kirudi. Kimezama, hakitoki. Nikakigonga, wapi. Basi nikaamua (sikilizeni uamuzi wa mwanaume) kukimbia nje niifunike kamera.

"Baba mudogo, banakuona!" nikamwambia nikihema.

"Nani ananiona? Niko peke yangu hapa."

"Batu bote! Mule ndani, kwa shuka!"

Akaniangalia kama anayemwangalia mtu mwenye malaria. "We iko na njaa, mutoto ya kaka. Tangu asubuhi haukukula. Kamata hii, unyamaze."

Akaninyooshea kipande chenye mafuta. Ndugu zangu, nilikuwa nimekuja kufunika kamera. Kamera iko hapo, karibu ya mkono wangu. Lakini harufu ile ilinipanda kichwani, na mkono ukaenda kwenye nyama, na nyama ikaenda mdomoni. Ndipo kelele za salle zikapasuka, nikakumbuka kwamba kule ndani maneno yangu hayasikiki, wanaona picha tu: mpiga picha amekimbia kazi yake kuja kugawana wizi.

Nikarudi na midomo inang'aa. Mtu alikuwa amezima jenereta. Msemaji wa sherehe akaniuliza kwa maikrofoni isiyo na moto wa umeme, lakini kwa kimya kile wote walimsikia: "Fundi, imeiva?" Hata bibi harusi alicheka mpaka akaegemea pazia. Mama Riziki peke yake hakucheka.

Kesho yake nilienda kwake kuomba msamaha, nikamweleza rangi, waya, kifungo, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mashine haikuharibika?"

"Hapana mama, ilifanya kazi vizuri sana." (Nilishindwa kuficha fahari.)

Akajaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka mpaka akajifuta machozi na kitenge. "Mutoto nitakupatia. Lakini siku ya ndoa yenu, mupiga picha atoke Uvira."

Nimekubali. Mashine bado ninayo, kifungo nimekitengeneza, na nasema bila woga kwamba hapa Fizi hakuna anayeweza kufanya ninachokifanya. Ila ukitaka kuonyesha watu maajabu, kwanza angalia wamevaa nini. Na siku ya ndoa yangu nimeapa: kifungo pekee nitakachogusa ni cha koti langu.