ABC Iliyovaa Kanzu

Nimechoka na watu wanaotaka fonti "ya Kiarabu", herufi za ABC zilizopindwapindwa zifanane na Kiarabu. Nina kibanda cha kutengeneza mabango hapa Nairobi, na hawakosi. Muuza tambi anataka ya Kichina, muuza vinyago anataka ile yenye milia kama pundamilia. Mimi mtu wa mtaa wa Kinoo nabonyeza tu, nipate ugali wangu.

Mteja huyu alikuwa mtu wa Mombasa, mwenye duka mtaa wa Jamhuri, na sasa alikuwa anafungua hoteli ya biriani kando ya Ngong Road. Aliipa jina la mama yake. Mama huyo hakwenda shule, alisoma madrasa. Kiswahili chake hukiandika kwa herufi za Kiarabu, na mabango yote ya Nairobi kwake ni michoro. Mwana alitaka, siku ya kufungua, mama asome jina lake mwenyewe juu ya mlango.

"Basi tuweke Kiarabu chenyewe," nilimwambia. "Leta mtu aandike, mimi nitachapa."

"Na wateja wa Ngong Road watasoma nini? Wewe fundi weka ile fonti. Wao wasome, na mama naye asome."

"Boss, hiyo ni ABC imevaa kanzu. Kwa Kiarabu haisomeki."

"Mama ataijua tu. Jina lake hilo."

Nikalichapa bango kama alivyotaka. Siku hizi nguvu za kubishana na mteja sina.

Siku ya kufungua nilikuwa juu ya ngazi nikikaza skrubu ya mwisho, mama akafika. Alivuka barabara mwenyewe, ameshika pindo la buibui lake, akakataa kushikwa mkono. Alipoliona bango, uso ulimkunjuka kwa furaha. Akaanzia upande wa kulia, kama Kiarabu kinavyosomwa, midomo ikimcheza. Akakwama. Akaanza tena. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akairudisha.

"Mwanangu," alisema, "herufi naziona, lakini hazisomeki. Macho yangu yamekwisha."

Nilimtazama mwana, nikingoja amwambie. Moyo uliniuma, na mimi si mtu wa kuumwa na moyo kwa sababu ya kazi. Yeye akamsogelea mama.

"Ni jua hilo, mama. Ingia ndani, chai iko tayari."

Mama akaingia polepole, mkono mmoja begani kwa mwanawe, na wa pili ukipapasa ukuta.